Tezi za shingo kabla ya kisu: picha inasema nini, damu inasema nini

Ndugu Mwenyekiti, wenzangu wa vyumba vya picha, maabara, patholojia na thieta, asanteni kwa nafasi hii.

Mada iliyoandikwa kwenye ratiba ni kutabiri kusambaa kwa saratani ya thairoidi kwenye tezi za limfu kwa kutumia picha na vipimo vya damu. Mpasuaji anayesubiri majibu yetu ana swali fupi zaidi: nifungue kanda zipi, na zipi niziache? Kila kipimo nitakachokitaja nitakipima kwa swali hilo. Kisichobadilisha jibu lake nitakipitia haraka, hata kama takwimu zake zinavutia.

Kwanza tutenganishe magonjwa. Saratani ya papilari ndiyo kubwa kwa idadi, zaidi ya asilimia 80 ya saratani zote za thairoidi, na njia yake ya kusafiri ni mifereji ya limfu. Ile ya folikula hupendelea damu, ikaenda mapafuni na kwenye mifupa, kwa hiyo shingo safi haikupi uhakika mkubwa. Ya medula, inayotoka kwenye seli za C, huingia kwenye limfu mapema, lakini ina alama ya damu ambayo papilari haina. Anaplastiki kwa kawaida hufika ikiwa imeshavuka mipaka yote. Huko hakuna cha kutabiri. Nitazungumzia zaidi papilari, na medula nitairudia tutakapofika kwenye damu.

Sasa, tunatabiri nini hasa? Patholojia ya kawaida hukuta ugonjwa kwenye tezi za limfu kwa asilimia 20 hadi 50 ya wagonjwa wa papilari. Ukizikata tezi hizo vipande vyembamba zaidi na kutafuta chembe zilizo chini ya mm 2, idadi inaweza kukaribia asilimia 90. Ni shingo zilezile. Kilichoongezeka ni bidii ya kutafuta. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa 2015 ulipanga hatari ya ugonjwa kurudi hivi: tezi 5 au pungufu zenye ugonjwa, karibu asilimia 5, zaidi ya tezi 5, karibu asilimia 20, tezi yenye sm 3 au zaidi, karibu asilimia 30, na zaidi ya tezi 3 ambazo ugonjwa umepasua ganda lake, karibu asilimia 40. Wote hao wanaandikwa N1, yaani ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu. Kwa hiyo modeli inayotangaza kwamba mgonjwa ni N1 bila kusema N1 ya namna gani imemfurahisha mtakwimu, na mpasuaji imemwacha palepale.

Na mpasuaji ana sababu ya kusita. Kuondoa tezi za eneo la kati la shingo kunamaanisha kufanya kazi juu ya mishipa ya fahamu ya sauti, wa kushoto na wa kulia, na karibu sana na tezi za parathairoidi za chini, zinazotunza kiwango cha kalisi, ambazo damu yake hukatika kwa urahisi. Kalisi inashuka, mgonjwa anaanza kuhisi ganzi midomoni na kukakamaa vidole. Wengi hupona baada ya wiki au miezi. Wachache wanameza kalisi na vitamini D maisha yao yote. Ndiyo maana mwongozo huo wa 2015 ulikubali mgonjwa mwenye uvimbe mdogo usiotoka nje ya thairoidi, na asiye na dalili yoyote kwenye tezi za limfu, aondolewe thairoidi tu bila kuguswa eneo la kati. Palipo na ugonjwa uliothibitishwa, huondolewa kanda nzima. Kudokoa tezi moja moja iliyoonekana kuvimba kunaacha nyingine nyuma, na kurudi kwenye kovu ndiko kunakoumiza mishipa ya sauti.

Ramani ya shingo naitaja kwa kifupi. Kanda ya VI iko katikati, kutoka mfupa wa hayoidi hadi juu ya kidari, katikati ya ateri mbili za karotidi. Kanda ya VII iko chini yake, ndani ya kifua. Pembeni kuna II, III na IV zinazofuata vena kubwa ya shingo kutoka juu kwenda chini, na V iliyo nyuma ya msuli mkubwa wa pembeni. Papilari kwa kawaida huanza VI upande uleule wa uvimbe, kisha III na IV, halafu II. Lakini kinundu kilicho ncha ya juu ya thairoidi huweza kuruka kanda ya VI na kwenda moja kwa moja II au III. Ukikuta kinundu chenye shaka kwenye ncha ya juu, usiamue kwamba pembeni ni safi kwa sababu katikati ni safi.

Sasa altrasaundi, ambayo ndiyo nguzo. Mgonjwa alale chali na mto chini ya mabega ili shingo inyooke nyuma. Tumia probu bapa ya masafa ya juu, MHz 10 hadi 15, na ushuke masafa kidogo kama shingo ni nene. Anza juu ya mtulinga, probu ikiwa imelala kwa upana, tafuta karotidi na vena, zifuate polepole hadi chini ya taya, kisha rudi ukichungulia nyuma ya msuli. Upande wa pili vivyo hivyo. Kwa kanda ya VI, mwambie mgonjwa ameze: thairoidi inapanda na vilivyojificha nyuma ya mtulinga vinajitokeza kwa sekunde moja. Usikandamize. Hili watu huliona dogo, ila mkono mzito unafunga mishipa midogo ya damu, na Doppler, inayoonyesha mtiririko wa damu, inaandika kwamba tezi haina damu wakati umeizuia mwenyewe. Weka Doppler kwenye mpangilio wa mtiririko wa polepole.

Tezi ya limfu yenye afya ni ndefu na nyembamba, urefu ukizidi upana mara 2 au zaidi, na katikati ina kitovu cha mafuta kinachong'aa, ambamo damu huingilia. Ishara zinazotushtua ni tano, na hazina uzito sawa. Vipunje vidogo vya kalisi vinavyometa, na mifuko ya maji ndani ya tezi: hizi mbili zina umahsusi wa zaidi ya asilimia 90, yaani kati ya wasio na ugonjwa, chini ya mmoja kwa 10 ndiye atakayezionyesha. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi hawana kabisa ishara hizo. Tezi kung'aa yote au sehemu, kwa kufanana na nyama ya thairoidi, ni ishara nzuri ya tatu. Damu inayoingilia pembeni badala ya kitovuni ni ya nne. Ya tano, umbo la mviringo, ni dhaifu.

Na kukosekana kwa kitovu cha mafuta? Hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotea. Tezi zenye ugonjwa karibu zote hazionyeshi kitovu, lakini hata tezi nyingi nzima hazikionyeshi. Utafiti mmoja wa 2007 uliipa ishara hii unyeti (sehemu ya wenye ugonjwa inayonaswa) wa asilimia 100 na umahsusi wa asilimia 29. Maana yake, kitovu kikionekana vizuri unaweza kupumua. Kisipoonekana, bado hujajua kitu. Mwongozo wa Ulaya wa 2013 uliliweka vizuri: kukosa kitovu pamoja na umbo la mviringo, au upana wa mm 8 au zaidi kanda ya II, au mm 5 au zaidi kanda za III na IV, ni hali ya mashaka tu. Kuiita tezi ya saratani kunahitaji moja ya zile ishara nne za kwanza. Kanda ya II ina kipimo chake kwa sababu inapokea kila maambukizi ya meno na koo, na tezi zake huwa kubwa kwa watu wazima na watoto wenye afya kamili.

Vipo pia vinavyojifanya tezi. Kwa vijana, mabaki ya tezi ya thaimasi chini ya thairoidi yana nukta zinazong'aa kama kalisi. Ganglia za mishipa ya fahamu ya shingo zinakaa nyuma ya karotidi, ndefu na nyeusi. Kifua kikuu cha tezi huleta kalisi na usaha unaofanana na maji. Ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili hushambulia thairoidi, huvimbisha tezi za kanda ya VI kwa sababu ya mwasho tu, na hizo huwa nyingi, ndogo, zimejipanga chini ya thairoidi pande zote mbili.

Kuna tofauti moja ambayo nataka ikae vichwani, na nitaionyesha kwa hesabu. Namba ni za mfano, ila hazipo mbali na zile za kliniki. Chukua wagonjwa 100 wa papilari ambao shingo zao zikipapaswa hazina kitu. Tuseme 40 wana ugonjwa kanda ya VI. Altrasaundi huko ina unyeti mdogo, kwa sababu thairoidi yenyewe na hewa ya bomba la pumzi vinaziba. Tuupe asilimia 30, na umahsusi asilimia 90. Itawanasa 12 kati ya 40, na itawasingizia 6 kati ya 60. Wanaobaki na ripoti safi ni 82, na ndani yao 28 wana ugonjwa. Kabla ya kipimo, hatari ilikuwa asilimia 40; baada ya ripoti safi imeshuka hadi 34 tu. Ripoti hiyo haijamwambia mpasuaji kitu kikubwa.

Nenda pembeni sasa. Tuseme 15 kati ya 100 wana ugonjwa huko, unyeti ni asilimia 80 na umahsusi 95. Itawanasa 12, itawasingizia wanne. Ripoti safi zitakuwa 84, zenye wagonjwa watatu waliokosekana, chini kidogo ya asilimia 4. Kifaa kilekile, mkono uleule, shingo ileile; pembeni ripoti safi inakuruhusu kuacha kanda, katikati haikuruhusu kusema lolote kwa uhakika. Ukiandika chini ya ripoti sentensi moja, "hakuna tezi zenye shaka shingoni", umechanganya maneno mawili yenye uzito tofauti kabisa. Yatenganishe: eneo la kati limeonekana kwa kiasi gani, na pembeni kila upande kuna nini.

Tezi yenye shaka na upana wa mm 8 hadi 10 au zaidi ndiyo inayochomwa sindano, na huchomwa pale tu jibu litakapobadilisha upasuaji. Kama mgonjwa tayari anafanyiwa kanda III na IV kwa tezi iliyothibitishwa, kuchoma ya pili palepale ni kumwumiza bure.

Sindano iwe nyembamba, geji 25 hadi 27. Tandaza seli kwenye slaidi kwanza. Kisha, bila kubadilisha sindano, vuta mililita 1 ya maji ya chumvi ya kawaida, isukume kwenye chupa ndogo safi, na ufanye hivyo kwa kila mchomo kwenye chupa ileile, ujazo usizidi ule uliokubaliana na maabara. Maji hayo yanapimwa thairoglobulini, protini ya seli za thairoidi. Tezi ya limfu haina sababu ya kuitengeneza. Ikiwemo, seli za thairoidi zimehamia. Chini ya nanogramu 1 kwa mililita kunatuliza; zaidi ya 10 ni ushahidi mzito; katikati, linganisha na kiwango cha damuni na usome slaidi upya. Kipimo hiki kinaokoa hasa tezi zenye maji, ambazo slaidi zake mara nyingi hutoka tupu.

Kinaharibikaje? Kwa kuoshea sindano kwenye kimiminika cha kuhifadhia seli badala ya maji ya chumvi. Dawa zilizomo zinavuruga kipimo. Kwa kutumia mililita 3 pale kizingiti kilipotungwa kwa mililita 1, na jibu kushuka mara tatu. Kwa kuchoma tezi ya kanda ya VI wakati thairoidi bado ipo: sindano ikipitia thairoidi, inabeba thairoglobulini yake na kukupa jibu la uongo. Kwa uvimbe ambao umepoteza sura ya thairoidi na hautengenezi tena protini hiyo. Na kwa wingi kupita kiasi: thairoglobulini ikiwa nyingi mno inajaza kingamwili zote za kipimo na mashine inasoma kiwango cha chini. Slaidi ikionyesha saratani wazi na maji yakaja na namba ndogo, iombe maabara ichanganue sampuli kwa kuizimua mara 10 na mara 100.

Skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha ina kazi yake pale altrasaundi inapokwama: nyuma ya koo, nyuma ya kidari, na pale uvimbe unapoonekana kushika bomba la hewa au umio. Dawa hiyo ina iodini nyingi, na watu wameiogopa kwa sababu inachelewesha matibabu ya iodini ya mionzi. Iodini ya mkojo hurudi kawaida ndani ya wiki 4 hadi 8 kwa wagonjwa wengi, na muda huo mara nyingi unapita wenyewe kati ya upasuaji na matibabu. Kuacha tezi ya kifuani kwa kuogopa iodini ni hasara kubwa zaidi. MRI ina nafasi finyu. PET, kabla ya upasuaji wa kwanza wa papilari ya kawaida, haina.

Tufike kwenye damu, ambako matumaini yamezidi ushahidi.

Thairoglobulini ya damu kabla ya upasuaji inavutia kwa kuwa baada ya upasuaji inafanya kazi nzuri sana. Lakini thairoidi ikiwa bado ipo, kiwango chake kinaamuliwa na ukubwa wa thairoidi, idadi ya vinundu, TSH (homoni inayoichochea thairoidi), iodini ya mwilini, na hata sindano iliyochomwa wiki iliyopita, kwa sababu kuchoma kunamwaga thairoglobulini kwenye damu. Mtu mwenye goita kubwa isiyo na saratani anaweza kumzidi mwenye papilari ya mm 9 iliyosambaa. Mwongozo wa 2015 haukupendekeza ipimwe kwa kawaida kabla ya upasuaji. Ukiamua kuipima, chukua damu kabla ya sindano, na pima kingamwili za thairoglobulini kwenye sampuli ileile. Zikiwepo, mashine nyingi zitasoma thairoglobulini pungufu.

TSH iliyo juu imehusishwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kinundu kuwa saratani, na na ugonjwa uliokwenda mbali zaidi. Uhusiano upo kwenye makundi. Kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yako, TSH ya 1.8 au ya 3.2 haimwambii mpasuaji afungue pembeni. Kingamwili za Hashimoto zinatatanisha zaidi: tafiti kadhaa zinaonyesha wenye Hashimoto wana tezi chache zenye saratani, huku picha zao za kanda ya VI zikijaa tezi zilizovimba. Faida yake kwetu ni ya kinyume: kingamwili zikiwa juu, punguza imani kwenye uvimbe mdogo wa tezi za katikati. Uwiano wa nutrofili kwa limfosaiti, unaopatikana bure kwenye hesabu ya kawaida ya damu, umeingizwa kwenye modeli nyingi. Jino lililooza au vidonge vichache vya steroidi vinaubadilisha kwa siku moja. Mimi singeuweka.

Onyo moja la maabara kabla sijasahau: biotini. Watu wanaimeza kwa ajili ya nywele na kucha, kwa dozi za miligramu kadhaa, na kwenye mashine zinazotumia gundi ya biotini na streptavidini inashusha kwa uongo TSH, thairoglobulini na kalsitonini (ile alama ya damu ya medula), huku ikipandisha homoni huru ya T4. Ulizeni, na iachwe angalau siku 2 kabla ya kuchukua damu. Wenye dozi kubwa wanahitaji siku zaidi.

Medula ni habari nyingine kabisa. Hapa damu inaongoza kisu. Kalsitonini ya kawaida iko chini ya pikogramu 10 kwa mililita. Katika takwimu za upasuaji zilizochapishwa na timu ya Ujerumani mwaka 2010, ugonjwa wa tezi za limfu haukuonekana kwa waliokuwa na 20 au pungufu. Juu ya 20, ulianza kuonekana katikati na pembeni upande wa uvimbe. Juu ya 50, katikati upande wa pili. Juu ya 200, pembeni upande wa pili. Juu ya 500, sehemu ya juu ya kifua. Kwa hiyo zaidi ya 500 mgonjwa anapigwa picha za mwili mzima kabla ya kuzungumzia shingo, na zaidi ya 200 kuna hoja ya kufungua upande wa pili hata altrasaundi ikiwa safi. CEA, alama nyingine ya saratani kwenye damu, hupimwa pamoja. Kalsitonini ndogo na CEA kubwa humaanisha ama uvimbe uliopoteza sura yake, ama mashine iliyozidiwa na wingi, hivyo zimua sampuli. Damu ya kalsitonini iende kwenye barafu na itenganishwe haraka, maana protini hii inaoza. Figo zilizochoka na dawa za kupunguza asidi ya tumbo huipandisha kidogo bila saratani. Na mgonjwa wa medula haendi thieta kabla ya metanefrini zake kupimwa: uvimbe wa tezi ya adrenali usiojulikana unaweza kumuua akiwa kwenye ganzi.

Nimebakiza modeli, kuanzia nomogramu za kawaida hadi akili mnemba inayosoma picha za altrasaundi. Machapisho ni mengi na yanafanana: wagonjwa mia kadhaa wa hospitali moja, umri mdogo, jinsia ya kiume, uvimbe wa zaidi ya sm 1, vinundu vingi, kugusa ganda la thairoidi, vipunje vya kalisi, na eneo chini ya mkunjo, yaani alama ya jinsi modeli inavyowatenganisha wagonjwa, la 0.75 au 0.85. Vigezo hivyo ni vya kweli, vimerudiwa tena na tena. Kasoro ziko kwingine.

Ya kwanza ni lebo. Mgonjwa aliyetolewa tezi mbili, zote safi, anaandikwa N0, yaani hana ugonjwa kwenye tezi. Uchambuzi wa kanzidata kubwa ya Marekani uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba ili uwe na uhakika wa asilimia 90 kwamba hakuna ugonjwa uliofichika, unahitaji kuchunguza tezi 6 kwa uvimbe wa T1b, 9 kwa T2 na 18 kwa T3 (madaraja ya uvimbe, kuanzia mdogo). Modeli iliyofundishwa kwa N0 za tezi mbili imefundishwa kwa majibu ambayo sehemu yake ni makosa, na makosa hayo yanategemea mpasuaji gani alikuwa zamu. Kabla ya kusoma chochote kingine kwenye karatasi ya namna hii, tafuta wastani wa tezi zilizotolewa. Usipotajwa, weka karatasi pembeni.

Ya pili ni kuvuja kwa majibu. Modeli inaitwa ya kabla ya upasuaji, halafu ndani yake kuna "uvamizi wa ganda" uliosomwa kwenye patholojia baada ya upasuaji. Inatokea kuliko mnavyodhani. Kwenye picha, kuvuja kuna sura ya ujanja zaidi: alama za kipimo ambazo fundi aliziweka juu ya kinundu chenye shaka zinabaki kwenye picha, na mashine inajifunza alama. Au picha tano za mgonjwa mmoja zinagawanywa, tatu kwenye mafunzo na mbili kwenye majaribio, na mashine inamtambua mtu badala ya ugonjwa. Mgawanyo ufanywe kwa mgonjwa, na alama zifutwe au ziwekwe kwa wote.

Ya tatu ni wingi wa vigezo. Programu za redomiki zinatoa mamia ya vipimo vya umbo na mchanganyiko wa rangi kutoka kwenye picha moja. Chukua vipimo 800 visivyo na uhusiano wowote na ugonjwa, uvijaribu kimoja kimoja kwa kizingiti cha 0.05: takriban 40 vitaonekana muhimu kwa bahati tu. Ukiwa na wagonjwa 80 wenye N1, kanuni ya zamani ya matukio 10 kwa kila kigezo inakuruhusu vigezo 8. Mbinu za kubana vigezo zinasaidia, ila haziwezi kuumba taarifa ambayo haipo. Modeli ipelekwe kwenye hospitali nyingine yenye mashine za kampuni nyingine kabla ya kuaminiwa, na kila hatua iandikwe kwa mwongozo wa TRIPOD, ambao toleo lake la akili mnemba lilitoka 2024.

Ya nne, na naiona kubwa kuliko zote, ni kwamba eneo chini ya mkunjo linapima kupanga foleni tu: mwenye ugonjwa kawekwa mbele ya asiye nao? Mpasuaji anahitaji kujua asilimia yenyewe. Modeli iliyofundishwa pale N1 ni asilimia 45, ikihamishiwa pale N1 ni asilimia 25, itapanga foleni vizuri na bado itasema 60 kwa mtu ambaye hatari yake ni 40. Inabidi irekebishwe kwa takwimu za pale ilipohamia.

Kisha mpasuaji atamke kizingiti chake kwa sauti. Akisema ataondoa kanda ya VI kwa kuanzia asilimia 40, amekubali kwamba ili kumwondolea mmoja mwenye ugonjwa, yuko tayari kuwafungua wasio nao mmoja na nusu. Kwa mwenye mkono wa kuhifadhi parathairoidi, biashara hiyo inaweza kuwa halali. Kwa anayefanya thairoidi chache kwa mwaka, kizingiti kiwe juu zaidi, na hilo hakuna modeli itakayomwambia.

Mwisho, tezi ndogo zinazobaki na mashaka. Hospitali ya Kuma nchini Japani, inayowafuatilia bila upasuaji wenye papilari ya sm 1 au chini tangu 1993, iliripoti mwaka 2014 kwa wagonjwa 1,235 kwamba ndani ya miaka 10 tezi mpya za limfu zilijitokeza kwa asilimia 3.8 tu. Na baada ya upasuaji, kundi la wagonjwa 166 waliofuatiliwa New York kwa wastani wa miaka 3 na nusu, wakiwa na tezi zenye shaka kwenye altrasaundi, asilimia 20 ndio tezi zao zilikua kwa mm 3 au zaidi. Tezi ya mm 6 isiyo karibu na mshipa wa sauti inaweza kusubiri. Andika kanda, upande, vipimo vitatu na umbali wake kutoka karotidi, chora kwenye mchoro wa shingo, na irudiwe baada ya miezi 6 hadi 12 kwa mpangilio uleule wa mashine. Asiyeandika vipimo vitatu mara ya kwanza hana cha kulinganisha mara ya pili, na mgonjwa ataishia kuchomwa sindano kwa sababu ya ripoti mbovu.

Naomba niishie hapo. Ndugu Mwenyekiti, naona mikono ya maabara imeinuka tayari; tuanze na wao.